Umeunganisha studio ya chumbani na mteja wa mbali, sauti inasumbua: anzia hapa

Mteja akisema tu "halooo, unakatika" mtu anakimbilia kununua GB nyingine, anazima ruta anawasha, anawapigia watu wa mtandao anawawakia, kumbe tatizo liko kwenye waya wa mita moja kati ya mikisa na laptopu. Sikatai intaneti zetu zina vituko, nitafika huko, ila kwenye studio za nyumbani, hizi za kusoma matangazo, dabingi za tamthilia, mahojiano ya redio, makosa mengi yako ndani ya chumba na bando halihusiki kabisa.

Naongelea seti ya kawaida: maiki, saundikadi ya USB (kiboksi cha kuingiza sauti ya maiki kwenye kompyuta) au mikisa ndogo yenye USB, laptopu, hedifoni, na kitu cha kukuunganisha na mtu aliyeko Nairobi, London au popote pale. Hicho kitu kinaweza kuwa SonoBus (ya bure hii), Source-Connect ambayo ni ya kulipia na studio kubwa za nje wanaipenda, Cleanfeed au ipDTL zinazofanya kazi ndani ya brauza, inaweza kuwa boksi la kodeki (la kubana sauti na kuituma kwa mtandao) la Comrex au Tieline mlilopewa na kituo cha redio, au hata simu yako tu iliyochomekwa kwenye mikisa. Dalili zinafanana karibu kwa zote.

Kabla hujagusa setingi yoyote fanya hivi: fungua programu ya kurekodi, jirekodi dakika moja huku linki (hayo mawasiliano na mteja) iko hewani, alafu sikiliza. Kama uchafu anaousikia mteja upo pia kwenye rekodi yako ya ndani, intaneti haina hatia, tafuta kuanzia maiki mpaka saundikadi. Kama rekodi yako ni safi ila mteja anapata uchafu, basi ni kuanzia programu ya linki kwenda nje. Na kama yeye anakupata vizuri ila wewe ndo unamsikia vibaya, hiyo ni njia ya kurudi na mara nyingi shida iko kwake. Hicho kipimo kimoja kinaokoa saa nzima ya kubahatisha, na bado watu wanaruka wanaanza na kuinstoli programu upya.

"Kaka, najisikia mwenyewe"

Hii ndo inaongoza. Kanuni yake ni kwamba anayesikia mwangwi siye mwenye kosa. Mteja akijisikia maana yake sauti yake imefika kwako, imepata upenyo, imerudi. Wewe ukijisikia kwa kuchelewa, upenyo uko kwake, kwa hiyo usianze kufumua waya zako, mwambie tu kwa heshima azime spika avae hedifoni.

Kwako sauti yake inaweza kurudi kwa njia tatu. Ya kwanza ni hewani, ama spika za studio zimeachwa wazi, ama hedifoni zinavuja, hasa zile za mgongo wazi ukiwa na maiki ya kondensa (zile zinazonasa kila kitu) na geini, yaani ukuzaji wa sauti ya maiki, iko juu. Kupima ni rahisi, myuti maiki kwenye saundikadi yenyewe (sio kwenye programu) alafu mwambie mteja aongee. Mwangwi ukikata ni hewani, punguza hedifoni au tafuta za kufunika sikio zima. Usipokata, sauti inazungukia ndani ya vyombo.

Njia ya pili ni lupubaki. Saundikadi na mikisa nyingi za siku hizi zinayo kwa ajili ya watu wa laivu, inachukua kila kinachotoka kwenye kompyuta na kukichanganya na maiki yako kisha inarudisha vyote kwenye kompyuta. Kwa mtu anayecheza muziki laivu mtandaoni ni kitu kizuri, kwa mtu wa linki ni balaa maana mteja ndo kile "kinachotoka kwenye kompyuta". Wenye Yamaha AG03 angalieni ile swichi ndogo iliyoandikwa TO PC, ina nafasi tatu, DRY CH 1-2, INPUT MIX na LOOPBACK. Ikiwa kwenye LOOPBACK mteja atajisikia mpaka kesho. Sogeza iwe INPUT MIX. Ni swichi nyepesi, ukipangusa vumbi tu inahama, na huwezi kuiona kama chumba kina giza. Kwenye Focusrite Scarlett za kizazi cha tatu lupubaki inatokea kama inputi za ziada kwenye orodha, kwa hiyo hakikisha programu ya linki imechagua inputi ya maiki na sio hizo.

Njia ya tatu ndo ya wenye mikisa ya kawaida na boksi la kodeki au simu, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu watu wengi hawajawahi kuonyeshwa. Kosa ni kuchukua Main Out ya mikisa na kumpelekea mgeni. Main Out ina kila kitu, na yeye pia yumo. Mgeni wa mbali anatakiwa apelekewe vyote isipokuwa sauti yake, watu wa redio wanaiita miksi mainasi, wengine N-1. Fanya hivi: mgeni aingie kwenye chaneli yake peke yake, tuseme ya 3. Chukua AUX SEND (njia ya pembeni ya kutoa sauti kwenye mikisa), kamba yake iende kwenye inputi ya kodeki au simu. Sasa panda kwenye vitufe vya AUX vya kila chaneli, fungua cha maiki yako, fungua cha muziki kama upo, na cha chaneli ya 3 kifunge kabisa, kizungushe kushoto mpaka kigome. Basi, mwangwi umekufa. Ukiwa na wageni wawili wa mbali unahitaji AUX mbili, kila mgeni na yake, maana wa kwanza anatakiwa amsikie wa pili ila asijisikie yeye, na kinyume chake. Ndo maana mikisa yenye AUX moja inakuishia haraka.

Kuna kitufe cha PRE pembeni ya AUX kwenye mikisa nyingi. Kikiwa PRE, kiwango anachopata mgeni hakifuati feda (kile kitelezi cha sauti cha chaneli). Nzuri kwa mazungumzo nje ya hewa, ila ujue kwamba ukishusha feda ya maiki ukadhani umejificha, mgeni bado anakusikia vizuri tu unavyomsema.

Mteja hasikii kitu chochote

Taa za saundikadi zinaruka, wewe unajisikia, upande wa pili kimya. Kama ni Windows, anza na ruhusa ya maiki kwenye setingi za faragha, apdeti kubwa ikipita huwa inafaa kuikagua tena. Mac nayo ina sehemu kama hiyo, na ukishairuhusu brauza lazima uifunge uifungue upya. Alafu angalia brauza yenyewe imechagua maiki ipi, mara nyingi utakuta imeshika maiki ya laptopu, kwa hiyo mteja anasikia feni na mtu kwa mbali. Gonga maiki ya studio kwa kidole, alafu gonga mwili wa laptopu karibu na kamera, muulize amesikia kipi kwa nguvu. Jibu utakuwa nalo hapo hapo.

Sababu nyingine ni programu mbili kugombania saundikadi. Umefungua Cubase au REAPER kwa draiva ya ASIO (njia ya programu za muziki kuongea na saundikadi moja kwa moja), imeshika saundikadi peke yake, brauza ikija inakuta mlango umefungwa, na wala haikwambii, inatuma ukimya tu. Kuna saundikadi zinaruhusu wote wawili na kuna zinazokataa. Zikikataa, kwenye Cubase kuna chaguo la kuachia draiva programu ikiwa nyuma, REAPER nayo ina la kufunga kifaa ikiwa haitumiki, lakini kama unataka kurekodi wakati huo huo uko kwenye linki hayo hayatakusaidia. Njia safi ni kurekodi ndani ya programu ya linki kama inaruhusu (SonoBus inaruhusu), au weka programu zote mbili zitumie draiva ya kawaida ya Windows, latensi (kuchelewa kwa sauti) itaongezeka kidogo ila kwa kuongea haikuumizi.

Kuna wanaosikiwa ila "uko sikio moja tu". Maiki yako iko inputi 1, kompyuta inaiona saundikadi kama stirio, kwa hiyo wewe ni kushoto na kulia hakuna mtu. Weka mono kwenye programu ya linki. Usinunue chochote.

"Mbona sauti yako imekuwa ya mbali, kama uko kisimani?"

Hii inachekesha kwa sababu kwenye hedifoni zako iko poa kabisa, meta zinaonyesha sauti kubwa tu kushoto na kulia, lakini mteja anapata sauti nyembamba ya ajabu au anapata karibu hakuna. Inatokea sana ukitoka kwenye mikisa kwenda kwenye jeki ndogo ya laptopu, kamera au rekoda kwa waya wa TRS (jeki yenye pete mbili nyeusi) pande zote.

Kinachofanyika: auti ya mikisa ikiwa balansi inatoa sauti ile ile mara mbili kwenye waya mmoja, ncha ya jeki inabeba sauti ilivyo, pete ya chuma ya katikati inabeba ile ile ikiwa imegeuzwa juu chini. Kifaa cha balansi kinajua namna ya kuzichukua tofauti yake. Inputi ya stirio haijui hilo, inachukua ncha inasema hii ni kushoto, pete inasema hii ni kulia. Hedifoni zinaonyesha zote mbili, unaona safi, labda unahisi tu sauti iko pembeni pembeni badala ya katikati ya kichwa. Sasa linki nyingi za kuongea ni mono, na simu ni mono. Kushoto na kulia zikijumlishwa, moja iko juu nyingine iko chini, zinauana. Kinachobaki ni masalia.

Kupima, kwenye programu ya kurekodi weka masta iwe mono, ukiona sauti inazama ndo hii. Dawa ni waya: tumia jeki ya TS (yenye pete moja nyeusi) upande wa mikisa, au toa sauti kwenye auti za RCA kama mikisa inazo, hizo sio balansi. Mafundi wa waya wa mtaani watakutengenezea kwa bei ya soda mbili tatu, waelekeze tu kwamba pete isiunganishwe upande wa kifaa cha stirio.

Na wenye simu. Jeki ya simu ina pete nyeusi tatu na sehemu nne, kwenye simu nyingi za sasa ncha ni kushoto, inafuata kulia, inafuata graundi, shina ni maiki. Ukichomeka waya wa kawaida wa TRS kutoka mikisa, simu haioni maiki yoyote pale, inaendelea kutumia maiki yake ya ndani, na wewe unadhani studio yako ndo inasikika kumbe mteja anakusikia kupitia simu iliyolala mezani. Unahitaji kigawanyo cha kutenganisha hedifoni na maiki. Hata ukikipata, sauti ya laini (ile inayotoka kwenye mikisa) ni kubwa mno kwa inputi ya maiki ya simu, itakuja imepasuka hata ukiongea taratibu. Punguza kwa kipoza sauti cha desibeli 40 hivi, hicho kinagawa volti kwa 100. Au kama bajeti inaruhusu nunua mikisa ya podikasti yenye tundu la simu, hizo miksi mainasi wameshaifanya ndani kwa ndani na hili suala lote unalisahau.

Sauti inakatika, inakuwa roboti

Haya sasa, tufike kwenye intaneti, ila kwa utaratibu. Sikiliza mpasuko wenyewe kwanza. Kama ni tik... tik... tik inayorudi kwa vipindi vinavyolingana, sio intaneti. Hiyo ni saa ya dijitali, vifaa viwili vimeungana kwa ADAT au SPDIF (nyaya za sauti ya dijitali) na kila kimoja kinafuata saa yake, au kimoja kiko 44.1 kHz kingine 48. Weka kimoja kiwe masta, kingine kifuate. Kama mipasuko ni ya ovyo, haina mpangilio, inakuja kwa mafungu alafu inatulia, ndo tunaongelea mtandao au bafa ya saundikadi (akiba ndogo ya sauti inayosubiri kompyuta). Kutofautisha hizo mbili rudi kwenye rekodi ya ndani: ikiwa na mipasuko, ongeza bafa, toka sampuli 64 nenda 256. Kwa 48 kHz hiyo 256 ni milisekunde 5 na kidogo, hutaihisi kwenye maongezi. Angalia pia kama saundikadi imechomekwa kwenye habu ya USB pamoja na diski na feni ya kupozea laptopu, itoe iende tundu lake.

Rekodi ya ndani safi? Fungua dirisha jeusi la Windows (Command Prompt), andika ping -t na anuani ya ruta yako, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1, uache inatembea huku linki iko hewani. Fungua dirisha la pili, ping -t 8.8.8.8 (hiyo ni seva ya Google huko nje). Kama dirisha la ruta linakupa 2, 3, 2, alafu ghafla 180, 240, tatizo ni waifai ya humo ndani, hujatoka hata getini. Chomeka waya wa LAN. Hii ndo tiba ya nusu ya matatizo ya kukatika na watu hawaipendi kwa sababu waya unapita sebuleni, lakini hamna namna. Kama waya haufiki kabisa basi tumia 5 GHz na sogeza ruta iwe chumba hicho hicho, ile 2.4 kwenye nyumba za kupanga zilizobanana kila jirani yuko humo.

Dirisha la ruta likiwa limetulia na la 8.8.8.8 ndo linarukaruka, angalia nani mwingine anatumia. Mtu akipandisha video kutoka simu yake, au laptopu yako yenyewe ikaanza kusukuma bekapu ya picha, foleni inajaa kwenye ruta na pakiti zako za sauti (vipande vidogo sauti inavyotumwa) zinasubiri nyuma ya mafaili. Spidi testi itakwambia una Mbps 20 na kila kitu kiko sawa, ndo maana mimi spidi testi siiamini kwa kazi hii. Sauti haitaki upana mkubwa. Kodeki ya Opus, ambayo ndo iko kwenye karibu programu zote hizi na imekuwa kiwango rasmi tangu 2012, kwa kbps 128 inatumia MB 58 hivi kwa saa kwa kila upande. Hata ukiamua kutuma sauti isiyobanwa, biti 16 kwa 48 kHz mono, ni kbps 768, MB kama 346 kwa saa. Kinachotakiwa ni pakiti zifike kwa mwendo mmoja. Kama ruta yako ina QoS ipe laptopu ya studio kipaumbele, kama haina waombe wa nyumbani waache kupandisha vitu kwa hiyo saa moja, na kazi ya maana usiipange saa mbili usiku.

Ikiwa bado, ongeza bafa ya jita (akiba ya kusubiri pakiti zinazochelewa) kwenye programu ya linki. SonoBus unaweza kuiacha ijirekebishe au ukaiweka mwenyewe. Unapoteza milisekunde kadhaa za uharaka unapata utulivu, na kwa kusoma tangazo huo ni mkataba mzuri.

Inagoma kuunganisha, au sauti inaenda upande mmoja

Source-Connect 3 ilikuwa inataka poti (milango ya mtandao) 6000 na 6001 zifunguliwe kwenye ruta, na hapo ndo wengi wanalia. Unaingia kwenye ruta, unafungua poti vizuri kabisa, programu bado inasema hamna. Angalia anuani ya IP ambayo ruta yako imepewa upande wa nje, iko kwenye ukurasa wa hali ya ruta, linganisha na ile inayoonekana ukiuliza mtandaoni "IP yangu ni ipi". Zikiwa tofauti, na hasa ile ya kwenye ruta ikianza na 10 au iko kati ya 100.64 na 100.127, umewekwa nyuma ya ruta nyingine kubwa ya kampuni ya mtandao na unashea anuani na wateja wenzako kibao. Intaneti za laini ya simu karibu zote ziko hivi. Kufungua poti kwako ni kazi bure, hata ukifungua mia. Kuna mambo matatu tu: omba IP ya umma kwa kampuni (wengine wanatoa kwa ada ya mwezi), tumia zile za brauza ambazo zikishindwa kupita moja kwa moja zinapitia seva ya kati, au muombe mteja upande wake ndo uwe wazi kama studio yake ina IP ya umma.

Mwingine ana ruta mbili nyumbani, ya kampuni na ya kwake aliyonunua dukani, poti amefungua kwenye moja tu. Ya kwako iweke iwe kama swichi na waifai tu.

Boksi za kodeki zinazotumia SIP (njia ya kupiga simu kupitia intaneti) zina ugonjwa wao: simu inapokelewa, taa ya kuunganishwa inawaka, wewe unamsikia yeye hakusikii. Ingia kwenye ruta tafuta SIP ALG, izime. Iliwekwa kusaidia, inaharibu.

Na wakati tuko kwenye maboksi, utaona mtandaoni boksi za zamani kama Telos Zephyr zinauzwa bei ya kutupa, na miongozo ya zamani ya Marekani na Uingereza inazisifia. Zilitengenezwa kwa laini ya ISDN (laini za simu za dijitali za zamani), chaneli mbili za kbps 64, na laini hizo hata huko kwao zinafungwa. Usinunue.

"Tuimbe wote, mbona unachelewa?"

Hutaweza. Mwanga kwenye nyaya za faiba unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, yaani kila kilomita 1,000 ni milisekunde 5 kwenda tu. Njia ya baharini kutoka Dar mpaka London inazidi kilomita 10,000, kwa hiyo 50 kwenda na 50 kurudi zimeliwa na bahari kabla ya ruta, bafa na kodeki hazijadai zao. Wanamuziki wakivuka milisekunde 30 hivi wanaanza kusubiriana na tempo inashuka. Dar na Nairobi mnaweza kujaribu kama wote mko kwenye waya, kama pakiti zenu hazizungukii Ulaya, na kama nyote mna saundikadi yenye bafa ndogo. Wa mbali zaidi arekodi juu ya biti ya muziki uliyomtumia, muonane kwenye faili.

Kuna siku pia ucheleweshaji unapanda bila wewe kugusa kitu. Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, intaneti ya Tanzania na majirani ilipelekwa njia za kuzunguka, na hakuna setingi ya chumbani inayotibu hiyo. Ukiona ping ya nje imepanda ghafla na majirani wa mtandao mwingine wanalia, weka kazi pembeni.

Sauti inapanda na kushuka yenyewe, au muziki unatafunwa

Hizo ni akili za brauza na programu za mikutano. Zinaondoa mwangwi, zinakata kelele, zinajipandishia geini, na kwao ngoma ni kelele. Zima zote tatu. Zoom ina chaguo la sauti asilia, iwashe kama mteja ameng'ang'ania Zoom. Ukizizima lazima uvae hedifoni, la sivyo unarudi kwenye mwangwi wa juu kule.

Windows nayo ina kijanja chake, ikigundua uko kwenye simu inapunguza sauti nyingine zote kwa asilimia 80. Unacheza biti mteja aisikie, ghafla inakuwa ndogo. Nenda kwenye paneli ya zamani ya sauti, tabu ya Communications, chagua "Do nothing".

Bluutuuthi usiitumie kabisa. Maiki yake ikiwashwa, ubora unashuka mpaka wa simu na kuchelewa kunaongezeka.

Muungurumo

Mmm ya chini isiyokatika ni umeme, hertzi 50 na ndugu zake 100 na 150. Chomoa chaja ya laptopu uende na betri. Ukikata, umepata mchawi: laptopu na mikisa ziko soketi tofauti, au kuna ile adapta ya pini mbili iliyoua graundi. Vyote viingie kwenye ekstensheni moja yenye graundi ya kweli, na kama bado upo, weka DI ya transfoma (kiboksi kinachotenganisha graundi) kati ya laptopu na mikisa. Usivunje pini ya graundi ya mikisa ili muungurumo uishe, utaisha kweli ila siku waya wa moto ukigusa bodi utaushika wewe kwa midomo kwenye maiki.

Ile tititi-tititi-trrr ni simu yako ikiongea na mnara kwa 2G karibu na waya usio wa balansi. Iweke mbali na meza, au iwe hali ya ndege kama sio yenyewe inayobeba linki.

Ukikwama kabisa na mteja anasubiri

Piga simu ya kawaida au ya WhatsApp ili akuelekeze, wewe jirekodi kwenye studio yako kwa 48 kHz biti 24 mono, yeye arekodi kwake. Piga kofi moja mwanzoni mkiwa wote mnasikizana na jingine mwishoni, ili anayehariri apange mafaili yote mawili, na akiona la mwisho haliendani na la kwanza atajua saa za vifaa zimepishana atavuta kidogo. Faili la dakika moja ni MB 8.6 hivi, tuma WAV kama ilivyo kwa linki ya kupakua, usiirushe WhatsApp kama ujumbe wa sauti maana itabanwa. Ruta na saundikadi ziwe kwenye UPS hata ile ndogo, laptopu ina betri yake, ili umeme ukikata katikati ya teki umalize sentensi.